Mama Masizi na Taa ya Basi la Shule

Saa moja asubuhi, kinachoonekana chini ya basi la shule ni miguu miwili tu. Mwenye miguu anaimba, tena vibaya, huku akifungua nati kwenye bomba la ekzosi.

Anachomoka na sensa ya masizi, kifaa cha kugundua masizi kisichozidi kidole. Anaigeuza, wimbo unakatika.

"Wameisugua kwa msasa!" anasema. "Uso wake una nyuzi nyembamba kuliko unywele. Masizi inayachoma yenyewe, nani aliwatuma kuisafisha?"

Gereji nzima inamwita Mama Masizi. Jina walimbandika kwa kebehi. Leo analitembeza kifua mbele.

Kazi ya sensa hiyo ni umbea mtupu. Chujio la moshi likipasuka, masizi hupenya na kuigandia, nayo humchongea dereva kwa kuwasha taa ya onyo mbele ya usukani.

Mwezi uliopita taa hiyo iliwaka. Mwenye basi, ambaye ni mjomba wa Mama Masizi na ndiye aliyemnunulia spana za kwanza, alitaka izimwe tu.

"Nilimwambia, mjomba, taa haina kosa, chujio limepasuka. Watoto wa watu watavuta nini humo ndani?"

Mjomba alinuna. Akayahamishia mabasi yake matatu gereji nyingine, na nusu ya kazi za Mama Masizi zikaenda nayo. Ndugu wakamwita mtovu wa shukrani.

"Niliumia," anakiri. "Lakini kuzima ile taa? Thubutu!"

Huko kwingine walisugua sensa, taa ikanyamaza, basi likaendelea kutoa moshi. Juzi wazazi waligoma kupandisha watoto: walikuwa wanarudi wanakohoa, kola nyeusi. Ndipo mjomba akarudi, mwenyewe, mikono nyuma.

Sasa chujio ni jipya, sensa ni mpya. Injini inaunguruma. Mama Masizi anashika kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba, kisha anampa mjomba. Ni cheupe vilevile.

Mzee anakigeuza upande wa pili, anakohoa kidogo.

"Na yale mawili mengine, mwanangu?"

"Yalete, mjomba. Ila taa zake sizimi."

"Nani kakwambia uzime?"

Mama Masizi anacheka mpaka anashika kiuno. Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi, anataka kuwafundisha mafundi wenzake kazi hii bure, wakiwemo waliotumia msasa.

"Hao ndio watakaa mbele," anasema, na kurudi chini ya basi.