Diski ya Baba Wambui

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko siku zote nilizofanya ufundi wa kompyuta mjini. Umeniuliza ufanye nini na hiyo diski yako inayogoma kusomwa. Kawia ufike, chai bado ni moto.

Nilikuwa msichana, sijahamia hapa Kabiria, nikifanya kazi kwa Mzee Odhiambo, aliyekuwa na chumba cha ufundi katikati ya jiji. Asubuhi moja akaingia Baba Wambui, muuza nyama wa Dagoretti, amevaa koti safi kama mtu anayekwenda kanisani. Mkononi alikuwa na diski, ameifunga kwa taulo. Binti yake Wambui alizaliwa hasikii. Alikuwa amejirekodi video nyingi akiwafundisha watu wa nyumbani lugha ya ishara, kisha homa ya mapafu ikamchukua. Video zote zilikuwa mle, na hazikuwa kwingine.

"Mimi nataka moja tu," akasema. "Ile anaombea chakula. Hizo zingine ni baadaye."

Nikaanza kunakili diski nzima kama ilivyo kwenye diski mpya, kuanzia mwanzo. Ikaenda vizuri, halafu ikakwama. Nikabadilisha waya, maana mara nyingi mgonjwa ni waya na diski inasingiziwa tu. Ikakwama palepale. Nikaijaribu kwa kompyuta nyingine. Palepale. Basi nikajua kidonda kimo ndani ya diski yenyewe, na nilipochunguza, nikaona ile sala imelala juu yake.

Baba Wambui alikuwa ananitazama usoni. Huruma ikanishika. Nikataka kuilazimisha kompyuta ipasome tena na tena mpaka pakubali. Mzee Odhiambo akaniwekea mkono begani.

"Nyambura, ukilazimisha hapo itakufa, ukose hata hizo zingine. Ruka hapo. Chukua kwanza kile inakupatia bila shida."

"Lakini Baba Wambui anataka hiyo."

"Basi mwambie ukweli. Na umwambie wewe, si mimi."

Nilimwambia, mwanangu, na ulimi ulikuwa mzito. Akauliza, "Na ikikufa kabla ujaribu hiyo?"

"Inaweza, Baba. Lakini tukianza na hiyo, tunaweza kukosa zote."

Akaitazama diski. "Haya. Anza na hizo zingine."

Nikairuhusu kompyuta iruke pabovu na kuendelea. Kufikia alasiri video nyingine zote zilikuwa salama kwenye diski mpya. Ndipo tukarudi kwenye kidonda, tukisoma vipande vidogo vidogo. Vingine vikaja, vingine vikakataa. Mwishowe ile diski ikagonga ndani kama kidole juu ya meza, ikanyamaza, wala haikuamka tena.

Tukafungua tulichopata. Wambui akatokea, sahani mbele yake, akiomba kwa mikono. Katikati ya sala picha ikaganda. Nikaanza kuomba radhi, lakini Baba Wambui hakunisikiliza. Mikono yake ilikuwa imeinuka. Aliendelea na sala pale binti yake alipoishia, taratibu, mpaka amina. Mzee Odhiambo akavua kofia.

Basi sikia, mwanangu. Chombo kikiumwa, au hata mtu, usikimbilie panapouma kwa sababu ndipo moyo wako ulipo. Okoa kwanza kilicho kizima. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwenye mali mwambie ukweli mapema, hata ukweli huo ukikuchoma wewe. Na ukipendacho usikiweke mahali pamoja tu, maana akiba haiozi.

Nenda sasa, ubadilishe waya kwanza. Mungu akupe mkono mpole na ulimi usioficha, na akulindie wote uwapendao, walio nyumbani na waliotangulia.