Springi za Mama Mkwe

Ngassa wa Ngokolo, pale Shinyanga, alikuwa na pikapu moja, Landrova ya tangu enzi za mkoloni, na gari lile lilikuwa na akili zake. Usukani ulikuwa na mchezo: unakata kulia, gari linafikiri kwanza, ndipo linakwenda. Springi nazo zilikuwa ngumu kama jiwe la kusagia, maana Ngassa alizidi kuziongezea vyuma ili abebe magunia mengi. Abiria wa kwenda machimbo ya Nyarugusu walilitambua kila shimo kwa viuno vyao. Wakilalamika, Ngassa aliwaambia, "Anayetaka kochi abaki sebuleni kwake." Maisha yakaenda.

Yalikwama siku alipompakia mama Zipora, mzazi wa mkewe Apolonia. Huyu alikuwa mjane wa Nyarugusu, mkali wa mila kuliko waliozianzisha. Katika ukoo wao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Basi alikaa mbele, amejibana mlangoni. Karibu na Kahama ikaja kona. Gari likafikiri, likakata kwa ghafla, na mama Zipora akaruka akatua mapajani mwa mkwewe.

Aliteremka, akarudi kwao kwa lori la pamba, akatuma salamu kwamba hatakanyaga Ngokolo tena. Aibu ile ilimtafuna Ngassa, ingawa vijana wa stendi waliicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa Apolonia alikuwa karibu kujifungua, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kungoja na kukata tamaa. "Simtaki jirani, simtaki shangazi," alimwambia mumewe. "Namtaka mama. Usiponiletea nitamfuata kwa miguu, nizalie njiani." Ngassa alimjua mkewe, angekwenda. Msimu wa pamba ulikuwa umekwisha na malori yake, mvua zilikuwa zimekata njia ya basi, na dereva mwingine hakuweza kumtuma, kwa kuwa gari lile halikuelewana na mtu mwingine.

Akaenda mtaa wa Kambarage kwa Narendra, fundi aliyezaliwa Shinyanga na kukisema Kisukuma hata akiota.

"Nataka gari ambalo mama mkwe hataniangukia," Ngassa akasema.

Narendra aliweka spana chini. "Bwana Ngassa, wewe unataka springi au unataka ukuta?"

Alicheka mpaka akatoka machozi, kisha akaingia uvunguni na hakucheka tena. Miaka ile hata sabuni ilipangiwa foleni, sembuse vipuri. Lakini nyuma ya gereji kulikuwa na Landrova iliyopinduka, bado changa. Narendra akaing'oa boksi la usukani na viungo vyake, akaling'oa lile la zamani, akafunga jipya. Akapunguza vyuma kwenye springi, akabadilisha mipira yake iliyokwisha, na kila gurudumu akalifungia shokapu nzima. "Hizi ulizijaza kwa ajili ya magunia," alisema. "Mgongo wa mama si gunia."

Ngassa alipolijaribu, gari likakata kona kabla hajamaliza kuwaza. Aliimba mpaka nyumbani.

Kule Nyarugusu alisimama mbali, akampa ujumbe Makoye, mchimbaji jirani wa mama Zipora. Jibu likarudi: Makoye apande kwanza. Wakazunguka machimbo yote, kwenye mashimo na vifusi, Makoye ameshika kikombe cha chai. "Mayu," akamwambia mama Zipora aliposhuka, "chai nimeinywa mwenyewe, haikumwagika." Ndipo mama akapanda, akasimamisha gunia la karanga katikati kama mpaka wa mashamba.

Gari likateleza. Kwenye ile kona ya Kahama halikutikisika, na Ngassa akapumua kwa furaha. Hakujua kwamba raha nayo ina mambo yake. Mama Zipora, ambaye hakuwahi kusafiri bila kushika kitu, alianza kusinzia. Kichwa kikapita juu ya karanga kikatua begani kwa mkwewe, na mkoromo ukafuata.

Maskini Ngassa! Kumgusa hawezi, kumwita hawezi. Akaamua kutafuta mashimo. Akaliingia moja, springi zikalimeza. Akaliingia jingine kubwa zaidi, shokapu zikalimeza nalo. Mama akakoroma. Siku hiyo Ngassa alimlaani Narendra kwa ufundi wake, huku bega likifa ganzi mpaka Ngokolo.

Apolonia alikuwa mlangoni. Mama akashtuka, akajiweka sawa. "Mwambie mumeo sikulala."

"Mwambie mama," Ngassa akajibu akitazama kioo, "hata mimi sikuona kitu."

"Ambianeni wenyewe!" Apolonia akapiga kelele, ameshika mlango kwa mikono miwili. "Mimi uchungu umenianza!"

Gunia la karanga likaenda nje. Mama Zipora akamwingiza binti upande wa mlango, yeye akabanana katikati, ubavu kwa ubavu na mkwewe. "Ngassa! Unangoja nini? Washa gari!" Hakuwahi kumtaja jina tangu amwozeshe binti yake.

Hospitali Ngassa alikaa ukumbini, akiogopa kila mlango uliofunguliwa. Jua lilipokuwa linazama, mama Zipora akatoka. Alimwendea mkwewe, akamtazama usoni.

"Ni msichana," alisema. "Njoo umwone mwanao."