Tumefunga, muende Shituru

Leo nimefunga depo ya Shituru bila kutoka kwenye kiti changu Kikula.

Patron, mwenye depo zote mbili, alisema hapa Kikula tunapaka rangi, niandike kwenye skrini ya mlangoni: "Tumefunga, muende Shituru."

Niliandika kwenye klasi ya Kikula tu, ile sehemu ya programu inayoendesha skrini yetu. Naapa!

Lakini katika programu yangu ujumbe huo ni statiki, mali ya klasi mama. Klasi watoto, ya Kikula na ya Shituru, hazipewi nakala. Zote zinatumia ule ule mmoja.

Patron akapiga simu.

"Weye! Minye niko hapa Shituru, niende Shituru gani tena? Bantu banarudia kwabo! Ukibafukuza mara ingine, minye nakufukuza."

Nikaandika upesi kwenye klasi ya Shituru: "Karibuni, tumefungua."

Sasa watu wanagonga mlango wa Kikula. Rangi haijakauka.

Patron anapiga tena. Nipokee?