Wito wa Digna

Mpaka leo nikimwona Katekista Fridolin anapita na baiskeli yake, natamani nisimwamkie. Namwamkia, maana umri ni umri, lakini shikamoo yangu kwake inaishia kwenye meno.

Jirani yangu Aurelia ni mkulima wa mpunga hapa Katindiuka. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja tu, Digna. Jembe la mama huyo ndilo lililomfikisha binti kidato cha nne. Mwaka wa tisini na nne Digna akaomba nafasi chuo cha uuguzi. Sisi hatuna sanduku la posta. Barua zetu hupitia sanduku la parokia, na anayezigawa hapa kigangoni, kanisa letu dogo la kijiji, ni Fridolin.

Jumapili moja, Digna akiwa shambani juu ya dungu, jukwaa la miti, akiamia ndege wasile mpunga, Fridolin alisimama wakati wa matangazo, kifua mbele.

"Digna, binti wa Aurelia, amepata wito! Aje kwangu nimpeleke kwa Padri."

Vigelegele vikapigwa. Kanisani kwetu neno hilo lina maana moja: usista. Aurelia akamfuata nje.

"Shikamoo, Katekista. Wito wa nini?"

"Marahaba. Wito ni wito, mama. Mungu akiita, mtu haulizi."

Jamani! Bahasha ya chuo ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa ameifungua barua ya watu, akasoma neno la kwanza, "Wito", akaridhika. Angeendelea kidogo tu, angekuta "wa usaili".

Aurelia hakumpeleka mwanawe. Ungempeleka wewe, mtoto wa pekee? Alimwambia Digna abakie shambani mpaka mavuno yaishe, na sababu hakumpa.

Baada ya mavuno Fridolin akaja mwenyewe, amekasirika, kuwagomba kwa kumdharau Mungu. Akaitupa bahasha mkekani. Digna akaisoma, akaisoma tena, akaanza kulia bila sauti. Siku ya usaili ilikuwa imeshapita. Wakapanda basi wakaenda hivyo hivyo chuoni, na karani, bila hata kuwakaribisha kiti, akasema nafasi zimejaa.

Waliporudi, Aurelia alikwenda moja kwa moja kwa Fridolin. Nilikuwepo. Unadhani aliomba radhi? Alituhubiria!

"Wahenga walisema, usikatae wito, kataa neno."

"Neno ulikuwa nalo wewe mfukoni, Fridolin!" Aurelia alimtaja jina kavu, hakuna Katekista wala shikamoo. "Nilikuuliza, ukaninyima!"

Mtu mzima akainamia baiskeli yake, eti anakaza mnyororo.

Msimu uliofuata Digna alikuwa juu ya dungu tena, anapiga debe na kufukuza ndege. Kila Jumapili Fridolin anatuongoza kuombea miito, nasi tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Aurelia hukaa benchi la mbele kabisa, anamkazia macho, na haitikii.