Pazia la Macho

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kila ninaponyoa ndevu mbele ya kioo. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa hapa Kangundo. Nilikuwa kijana wa sekondari, na nilikuwa nimejifunza ufundi usio na faida: kuinua unyusi mmoja huku mwingine umetulia tuli. Wiki nzima nilikaa na kipande cha kioo, nikiuzuia huo wa pili kwa kidole mpaka ukanitii. Wasichana wakacheka, nami nikavimba kichwa.

Basi kaka yangu Mutua akapata mchumba kule Tala, jina lake Ndunge. Tukapeleka mbuzi watatu wa ntheo, wale ambao kwetu Wakamba mzazi akiwapokea, binti ameshakuwa mke wa mtu. Baba yake Ndunge akasimama kutukaribisha. Mzee wa watu alikuwa na kigugumizi. Neno "karibuni" likamkwama, akalivuta, likamkwama tena. Nikamgeukia binamu yangu, nikainua unyusi. Hivyo tu, sikutamka neno.

Mzee aliniona. Akaketi, kisha akasema bila kukwama hata kidogo, "Fungueni mbuzi wenu."

Tulirudi nao kwa miguu, Mutua akivuta kamba huku analia. Mwanamume mzima, mwanangu, analia barabarani kwa sababu ya unyusi wangu. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nyumbani nikajitetea kwa susu, nyanya yetu, kwamba sikumtukana mtu, na isitoshe macho hayana pazia. Susu akaacha kupepeta ndengu.

"Na kope ni nini? Mungu alikupa pazia, wewe ukajifunza kuinua tu. Sasa utajifunza kushusha."

Akaniketisha mbele ya kioo kile kile. Kila jioni alinisimulia visa vya kuchekesha na vya kuudhi, mimi kazi yangu ni kutuliza uso: paji lilegee, kope zishuke kidogo, macho yabaki na upole. Weh! Kuinua kulinichukua wiki, kutuliza kukanichukua miezi. Mutua hakunisemesha muda wote huo.

Baada ya mavuno susu akanipeleka Tala kuomba msamaha, Mutua akitufuata nyuma na mbuzi wale watatu. Mzee alipoanza kunijibu, neno likamkwama, naye akanikazia macho. Nilihisi unyusi unataka kuruka. Nikaulegeza, nikamtazama kama mtoto anavyomtazama babake, nikangoja. Neno likachukua muda wake, likafika.

"Ka... karibu."

Mbuzi wakapokelewa. Ndunge ndiye huyo mama yako mkubwa anayekupikia chai.

Hujafa hujaumbika, mwanangu. Mdomo ukikosea unaweza kusema ulimi uliteleza. Jicho likidharau, huna la kusema. Lifunze kutulia kabla hujalifunza ujanja. Mungu akupe macho ambayo mtu mwenye aibu anaweza kuyatazama mpaka amalize kusema.