Spika ya Matanga Nagongera

Nilikuwa Nagongera wiki kadhaa, nikitengeneza redio sokoni kando ya mama mmoja anayechoma mahindi, pikipiki iliposimama mbele yangu. Ilikuwa imefungwa spika ya kutangazia matanga. Nyuma ya dereva aliketi mwanamke aliyefiwa na mama yake. Maziko huko Buteba yalikuwa yamesogezwa, sasa ni kesho asubuhi, na yeye alitaka wanawake waliouza na mama yake katika soko hili wawahi.

"Tumezunguka sana," akasema. "Spika inanguruma tu, maneno hayasikiki. Watu wanatutokea na mabeseni."

"Wanadhani tumeleta samaki wa ziwani, wa Majanji," dereva akasema. "Mmoja ameniuliza mbuta bei gani."

Nikafungua amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti. Rezista moja, kijidude cha kupunguza umeme kinachotoka mwisho wa saketi kurudi mwanzo, ilikuwa imekatwa mguu.

"Nani kakata hii?"

"Mimi," dereva akasema. "Niliambiwa sauti itapanda. Na ilipanda, usibishe!"

Kweli ilipanda. Mambo haya nimejifunza kwa kuunguza vitu, shule niliiacha mapema. Rezista ile hurudisha mwanzoni kipande kidogo cha sauti iliyokwisha kukuzwa, kikiwa kimegeuzwa ili kivute kinyume. Amplifaya ikiongeza mkwaruzo ambao mdomo haukuutoa, kile kinachorudi huupunguza. Ukubwa wa sauti unapungua, lakini maneno yanatoka safi, na hata transista zikipata joto au betri ikichoka, sauti haiyumbi sana.

Nikapasha bisibisi kwenye makaa ya mahindi, nikalehemu mguu ule uliokatwa. Mwanamke akajaribu maikrofoni, akanikodolea macho.

"Mbona umeninyima sauti? Mama yangu anazikwa kesho, wewe unanipa mnong'ono!"

"Pole, dada. Taja jina lake, na mahali."

Akataja. Mchoma mahindi akaacha kupepea.

"Yule wa ndizi? Kesho? Si tuliambiwa Jumamosi?"

"Wameyasogeza maziko, mama. Ni kesho asubuhi."

"Na nyinyi mmepita hapa mara mbili mkinguruma tu!"

Akayaacha mahindi yaungue, akavuka barabara kwenda vibanda vya nguo, akiita wenzake kwa Kidhopadhola. Watatu wakainuka.

Dereva akawasha pikipiki. Mwanamke akamgonga bega.

"Polepole," akasema. "Na usikate kitu tena."