Jiwe la Kutua Mizigo

Asubuhi ile tulikuwa wanne kwenye kona ya barabara ya Mlola: dereva wa mtambo wa kuchimbia, msimamizi wake aliyeshika karatasi, bibi aliyebeba tenga la peasi kichwani akienda sokoni, na mimi, mwalimu mstaafu katika matembezi yangu ya kila siku. Jiwe ndilo halikuwepo. Lilikuwa na urefu wa bega, na akina mama walikuwa wakitua mizigo yao hapo na kujitwika tena bila msaada wa mtu.

“Shikamoo, bibi,” alisema dereva.

“Marahaba. Jiwe langu umelipeleka wapi?”

“Bondeni, bibi. Barabara inapanuliwa.”

“Na shingo yangu, nayo mtaipanua?”

Msimamizi alitazama karatasi yake. Dereva alipanda kwenye mtambo, akashusha kijiko chake taratibu mpaka kikalingana na bega la bibi. Bibi alitua tenga humo, akapumua.

“Utakuwapo kila siku?”

“Mpaka Ijumaa tu.”

Bibi akanigeukia na kuninyooshea kidole. “Mwalimu, wewe hupita hapa kila siku mikono mitupu. Kuanzia Jumamosi, jiwe ni wewe.”

Serikali ilichukua miaka mingi kunipandisha cheo. Bibi hakuhitaji hata barua. Nilihamisha matembezi yangu kutoka saa tatu hadi saa moja, maana siku nyingine bibi alipita mapema kuliko siku ile. Nilimtua, akapumzika, nikamtwika, na kila siku alinikumbusha kwamba jiwe la zamani halikuwa likihema.

Bibi yule alifariki Jumatano iliyopita. Alhamisi, saa moja, nilisimama kwenye kona ile, mikono mitupu.